Baba anarudisha pesa zangu, anasema ni mali ya wizi

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27. Huu ni mwaka wangu wa pili katika mamlaka ya kukusanya kodi. Kazi yangu ni kukagua ritani za wafanyabiashara wadogo: natazama walichosema wamepata, nalinganisha na vielelezo walivyoleta, kisha napendekeza hesabu zao zikubaliwe zilivyo au zibadilishwe. Nilipopata barua ya ajira nyumbani walifurahi wote isipokuwa baba.

Baba yangu ni fundi seremala. Siku hizi hafanyi tena, mgongo umemshinda. Hakunigombeza. Aliisoma ile barua mpaka mwisho, akaikunja, akaniuliza, "Kazi nyingine zote zimeisha?" Kisha akatoka nje.

Mshahara wa kwanza nilimtumia fungu lake. Akarudisha zote siku ileile na ujumbe mfupi: "Asante mwanangu, ila sikukulea ili nije nile cha wizi." Nikadhani hasira zitapita. Mwezi wa pili akarudisha tena. Wa tatu nikampa mama kimyakimya. Baba alipogundua akamwambia mama atumie mwenyewe, yeye kilichonunuliwa kwa pesa hizo hatakigusa. Na hakukigusa, Shangazi. Mama ananiambia nivumilie, lakini huu ni mwaka wa pili.

Nimejaribu kumjibu. Baba hakusoma sana, ila kubishana naye ni kama kubishana na wakili. Anasema: mtu akikusimamisha njiani akakwambia toa robo ya ulichonacho, huyo ni mwizi. Wakiwa kumi, wakapiga kura kwanza halafu ndipo wakakusimamisha, ni wezi kumi. Sasa wakiwa milioni, wizi unageuka haki wakifika wangapi? Nikamwambia pesa hizo zinajenga barabara na shule. Akasema mwizi akikupora begi halafu akakupa nauli ya kurudi nyumbani, hajawa mfadhili. Nikamwambia kwa kuishi hapa tumekubali. Akasema, "Mimi nilizaliwa hapa. Nani aliniuliza?"

Kodi ya bidhaa haimsumbui sana. Anasema hiyo unaikuta dukani, usiponunua hulipi. Anayoichukia ni kodi ya mapato, kwa sababu, kwa maneno yake, "inakufuata kwenye jasho kabla halijakauka." Na kila akitaka kumaliza mjadala anasimulia kisa cha haramia aliyekamatwa na Aleksanda Mkuu. Aleksanda alimuuliza kwa nini anasumbua watu baharini, haramia akajibu: kwa nini nawe unausumbua ulimwengu? Mimi nina chombo kidogo naitwa haramia, wewe una msafara wa meli unaitwa mfalme. Hapo baba hucheka, nami sina la kusema.

Labda niseme pia kwamba nikiwa darasa la sita maofisa wa kodi walifika karakana kwake. Hakuwa na vitabu vya hesabu. Wakahesabu mbao zilizoegemezwa ukutani, wakamkadiria mapato kutokana na mbao zile. Nyingi zilikuwa za wateja, walizileta wenyewe ili awatengenezee vitu. Aliandika barua ya kulalamika, hakujibiwa. Akaandika ya pili, kimya. Aliposhindwa kulipa wakachukua mashine yake ya randa. Kuanzia hapo alipiga randa kwa mkono mpaka alipoacha kazi. Hiyo ni zamani, na wale si ofisi ninayofanyia mimi, kwa hiyo sioni kwa nini nibebe mzigo wao.

Ninachotaka kujua ni hiki. Baba ana haki? Kodi ya mapato ni wizi uliovaa tai? Maana nikilala usiku namsikia, na kuna siku naogopa kwamba ninalipwa kwa kazi isiyo halali. Mwezi uliopita mkuu wangu alinirudishia faili la fundi cherehani mmoja. Nilikuwa nimependekeza hesabu zake zikubaliwe kwa sababu vielelezo vilikuwa kamili. Akaandika kwa penseli pembeni, "Ongeza, lengo la mwezi halijafika." Faili bado liko mezani kwangu. Sijui kwa nini nimeliandika hili, halihusiani sana.

Nimjibu nini baba? Au niache kazi?

Binti wa Fundi

*

Marahaba, mwanangu.

Nitakujibu kwanza ulichouliza, kisha nitarudi kwenye ulichosema hakihusiani.

Baba yako ana hoja nzito, na kosa lako la kwanza ni kuzijibu kwa barabara na shule. Amekushinda hapo kwa haki. Kitu kilichochukuliwa kwa dhuluma hakitakaswi na matumizi mazuri, na mtoto mdogo analijua hilo. Ukitaka kumjibu lazima urudi nyuma, kwenye neno lenyewe.

Kumwita mtu mwizi ni kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kitu kilikuwa cha fulani kwa haki, na kwamba aliyekichukua hakuwa na haki nacho. Baba anaanza na la kwanza kana kwamba limeshaamuliwa, yaani kila senti ya ujira ni ya mfanyakazi mzima mzima kabla mtu mwingine hajaigusa. Hayuko peke yake. Mwaka 1974 mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick aliandika kwamba kodi juu ya kipato cha kazi iko daraja moja na kazi ya kulazimishwa: wakikuchukulia mapato ya saa kadhaa, ni kama wamekufanyisha kazi saa hizo bila ujira. Mwambie baba hivyo; atafurahi kwamba maneno ya karakana yamefika chuo kikuu.

Lakini muulize swali la karakana pia. Mteja akichukua kabati, akakataa kulipa, utakwenda wapi? Atasema mahakamani, au kwa mtu mwenye mamlaka. Sasa hakimu analipwa na nani? Kama analipwa na waliosimama mbele yake, anayelipa zaidi ndiye atakayeondoka na kabati. Ili hakimu awe wa wote lazima alipwe na wote, hata na wale ambao mwaka huu hawana kesi. Na ile bei mliyoandikiana, noti aliyokulipa, hati inayosema karakana ni yako na si ya jirani mwenye misuli, vyote vinasimama juu ya huyo hakimu na wenzake. Kwa hiyo ile namba ya juu kabisa kwenye karatasi ya mshahara, ile ya kabla ya makato, haikuwahi kuwa mali iliyotulia mahali ikisubiri kuporwa. Bila kodi isingekuwepo kwa ukubwa ule, na pengine isingekuwepo kabisa. Wanafalsafa Liam Murphy na Thomas Nagel waliliandika jambo hili kwa urefu mwaka 2002.

Nakiri siwafuati hao wawili mpaka mwisho wa njia. Ukiisukuma hoja yao sana, kila kitu kinakuwa cha dola na wewe unaachiwa kidogo kwa hisani yake. Hapo nitasimama upande wa baba yako. Mikono ya fundi ilijua kupiga randa kabla mtu yeyote hajaandika sheria. Ninachokubali ni kidogo zaidi: katika kila kipato kuna fungu la kazi yako na fungu la mpangilio uliowezesha kazi ile kulipwa, na hakuna awezaye kusema kwa uhakika moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Jambo ambalo mpaka wake haujulikani linahitaji utaratibu wa kuuchora, na ugomvi wa kweli kuhusu kodi uko kwenye utaratibu huo.

Tuje kwenye kukubali. Hapo pia baba amekushinda, na amekushinda kwa hoja ya mwaka 1748. Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti alisema hivi: kumwambia maskini kwamba amekubali utawala kwa sababu hajahama ni kama kumwambia mtu aliyebebwa hadi melini akiwa usingizini kwamba amekubali amri za nahodha, ilhali akitaka kuondoka itabidi ajirushe baharini. Usimwambie tena baba yako kwamba amekubali kwa kuishi. Hakukubali. Mimi pia sikukubali.

Ila angalia jambo ambalo hoja yake ya wezi milioni inaliruka. Mwizi hakuulizi, sawa. Lakini pia mwizi hashtakiwi mbele ya mtu anayeweza kumwambia hapana, naye akatii. Marekani walitunga kodi ya mapato mwaka 1894. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu yao ikaitupilia mbali, ikisema inakwenda kinyume cha katiba kwa namna ilivyowekwa. Serikali ikakaa bila kodi hiyo. Ilibidi katiba yenyewe ibadilishwe, majimbo yakiidhinisha moja baada ya jingine, hadi mwaka 1913. Mwizi gani hushindwa kesi, kisha akasubiri miaka 18 nje ya mlango?

Waingereza ni mfano mzuri zaidi kwa sababu unampa kila mtu chake. Mwaka 1799 waziri mkuu wao William Pitt alianzisha kodi ya mapato ili kugharimia vita na Ufaransa. Waliopata chini ya pauni 60 kwa mwaka hawakuguswa, waliozidi pauni 200 walitozwa asilimia 10. Watu waliichukia kwa sababu ileile ya baba yako: mtu wa serikali anataka kujua umepata nini. Vita vilipokwisha, mwaka 1816, Bunge likaifuta bila kuitaka serikali radhi, na likaagiza kumbukumbu zake ziharibiwe ili asiwepo wa kuchungulia tena. Kisha mwaka 1842 waziri mkuu mwingine, Robert Peel, akairudisha, akasema ni ya miaka mitatu tu. Hapa mpe baba nafasi acheke, maana miaka ile mitatu haijaisha mpaka leo. Akimaliza kucheka mwambie na hili: kisheria kodi hiyo bado ni ya mwaka mmoja mmoja. Bunge lisipoipitisha upya, inakufa.

Uswisi wamekwenda mbali kuliko wote ninaowajua. Haki ya serikali yao ya shirikisho kutoza kodi ya mapato imeandikwa kwenye katiba pamoja na tarehe ya kuisha, na ili iongezwe lazima wananchi wenyewe wapige kura. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 2018. Zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walisema ndiyo, na ruhusa hiyo inaishia mwaka 2035. Wapo waliosema hapana na bado watalipa, kwa hiyo swali la baba halijafa. Limepungua ukubwa, basi. Kura haimfanyi kila mtu awe amekubali. Inamfanya anayetoza awe mtu anayeweza kuambiwa aache. Na huo kwangu ndio mstari. Kodi ambayo anayeilipa anaweza kuipinga, akasikilizwa, na pengine akashinda, ni mzigo. Kodi isiyo na mlango wa kutokea ni unyang'anyi, hata ikiwa na muhuri.

Sasa kisa cha haramia. Kinatoka kwa Mtakatifu Augustino, aliyekiandika karne ya 5, na baba yako anakisimulia vizuri ila anakikata kichwa. Kabla ya haramia Augustino aliuliza: haki ikiondolewa, falme ni nini kama si magenge makubwa ya wanyang'anyi? Haki ikiondolewa. Maneno hayo mawili ndiyo yanayobeba kisa chote, na kila anayetaka kusema kwamba serikali zote ni wezi huyaacha njiani. Karne nane baadaye mwanateolojia Thoma wa Akwino aliulizwa karibu swali lako lenyewe. Jibu lake: mtawala akitoza kinachostahili kwa ajili ya manufaa ya wote, si unyang'anyi hata akitumia nguvu. Akichukua kisichostahili, ni unyang'anyi sawa na wa majambazi, na anadaiwa kurudisha alichochukua kama jambazi anavyodaiwa.

Shika hilo la kurudisha, maana sasa tunaingia karakana.

Mwanangu, uliandika mwanzoni kwamba mgongo umemshinda baba. Baadaye sana, katikati ya habari nyingine, ukaandika kwamba baada ya mashine kuchukuliwa alipiga randa kwa mkono mpaka alipoacha kazi. Sijui kama umewahi kuziweka sentensi hizo mbili pamoja. Yeye ameziweka.

Umekuwa ukibishana na mwanafalsafa kumbe mbele yako yuko mlalamikaji. Hadithi ya wezi kumi, ya begi, ya haramia, zote ni barua ile ya tatu ambayo hakuiandika kwa sababu mbili za kwanza hazikujibiwa. Na katika hilo hakuna ubishi wa kufanya, kwa sababu alionewa. Kama ulivyoeleza, walikisia mapato yake kwa mbao zisizo zake. Sheria za kodi karibu kila mahali huruhusu ofisa kukadiria pale mlipakodi asipokuwa na vitabu, na ruhusa hiyo ina sababu, la sivyo kila mtu angechoma vitabu vyake. Lakini kukadiria ni kutafuta ukweli kwa nuru hafifu. Ofisa anayeona mbao asiulize ni za nani hatafuti ukweli, anatafuta namba. Ongeza na hili, ambalo wewe kazini unalijua kuliko mimi: katika nchi nyingi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio si sahihi uko kwa mlipakodi, na muda wa kuweka pingamizi ni mfupi, mara nyingi siku 30. Mtu anayetuhumiwa kuiba anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Seremala aliyekadiriwa kodi anahesabiwa anadaiwa mpaka athibitishe vingine, kwa fomu asizozijua, huku mashine ikiwa imeshapakiwa garini. Kwa nini tushangae akiita wizi? Neno hilo ni pana mno kwa kodi yote ya mapato. Kwa mashine yake linatosha kabisa.

Unasema hiyo haikuwa ofisi yako, kwa hiyo mzigo si wako. Ni kweli kisheria. Lakini barua ya ajira aliyoisoma mpaka mwisho ilikuwa na nembo, na mtu aliyepoteza kitu chini ya nembo hatofautishi ghorofa.

Basi fanya hivi. Chukua siku ya mapumziko, nenda nyumbani, usibebe pesa. Usipeleke hoja hata moja ya hizi nilizokuandikia. Hizo ni zako za usiku. Mwombe akuonyeshe karatasi za ile kesi. Atakuwa nazo. Watu wa namna yake hawatupi. Zisome mbele yake polepole, kama unavyosoma faili kazini, umuulize maswali ambayo ofisa yule alipaswa kumuuliza: mbao zipi zilikuwa zako? Wateja walikuwa akina nani? Mliandikiana chochote? Barua hizi ulizipeleka kwa nani, tarehe gani? Halafu umwambie kwa mdomo wako kwamba makadirio yale yalikuwa mabaya. Usiseme "lakini" baada ya hapo. Najua itakuuma, kwa kuwa utataka kuongeza kwamba si wote wako vile. Ongeza siku nyingine.

Usimwahidi mashine. Muda wa pingamizi umepita miaka mingi, na kumpa mzee tumaini la uongo ni ukatili. Kama nchini kwenu ipo ofisi ya kusikiliza malalamiko ya walipakodi dhidi ya mamlaka, zipo nchi kadhaa zenye ofisi kama hiyo, mwelekeze huko, umsaidie kuandika, na barua iende kwa jina lake. Wewe mwenyewe usiliguse faili lake kwenye mfumo wa kazini, hata kulichungulia. Ni mgongano wa maslahi, utafukuzwa kazi, na utakuwa umempa baba hoja nyingine.

Pesa, acha kutuma kwa sasa. Kila mwezi unampa nafasi ya kukukataa, naye hana njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Akihitaji dawa ya mgongo, kaka zako au dada zako kama unao wanunue. Kama huna, mama aulizwe anaonaje.

Kuhusu kuacha kazi, ungeacha kwa sababu baba amesema kodi ni wizi ningekuzuia. Kodi ya mapato ina makosa yake. Inapenda kukatwa kimyakimya kwenye chanzo ili mtu asiisikie, tabia ambayo Marekani waliishika mwaka 1943 na Uingereza mwaka 1944, katikati ya vita tena, na mimi sijawahi kuipenda kwa sababu asiyesikia kinachomtoka hatauliza kinakwenda wapi. Lakini katika kodi zote ni moja kati ya chache zinazojaribu kuuliza kwanza una kiasi gani kabla ya kukutaka utoe. Ile ya bidhaa ambayo baba anaivumilia haiulizi. Inamtoza mjane na tajiri kiasi kilekile kwa sabuni ileile. Hilo mnaweza kubishana mkiwa wazee wote wawili.

Lakini lile faili la cherehani linahusiana. Ndilo barua yako.

Hukosi usingizi kwa ajili ya Aleksanda. Unakosa usingizi kwa sababu umeambiwa uhesabu mbao za wateja. Vielelezo vya fundi yule vimekamilika, umevikagua mwenyewe, na mtu aliyeko juu yako anataka namba kubwa zaidi kwa sababu mwezi unaisha. Ukiongeza, kodi yote ya dunia itabaki halali na wewe utakuwa umeiba. Ofisa wa kodi anaweza kuiba bila kupeleka senti mfukoni mwake, akaiba na kuingiza kwenye hazina ya umma, akapewa stakabadhi na pongezi. Huo ndio wizi anaousema baba yako. Ulikuwa ukimtetea mtu aliyemfanyia, na kumbe mwenyewe bado hujaufanya.

Usilibebe faili hilo kichwani, na usiende kugombana na mkuu wako mlangoni. Penseli inafutika, ndiyo maana alitumia penseli. Wewe tumia kalamu. Andika ndani ya faili, kwa adabu na kwa tarehe, kwamba umekagua vielelezo kuanzia ukurasa fulani hadi fulani, kwamba hukuona pengo, na kwamba ikiwa kuna taarifa nyingine inayoonyesha mapato zaidi, unaomba iwekwe humo ili uifanyie kazi. Saini, na ubaki na nakala ya maelezo yako kama taratibu za kazini zinaruhusu. Huenda asilijibu kabisa. Wengi wanaoongeza namba kwa penseli hawapendi kuiandika kwa wino. Akikuamuru kwa maandishi, utakuwa na maandishi, na kila ofisi ya kodi ina ukaguzi wa ndani. Akikuhamisha dawati, nenda dawati hilo jingine. Ikiwa itafika siku kila faili linakuja na penseli pembeni, hapo niandikie tena kuhusu kuacha kazi, na jibu langu litakuwa tofauti.

Ukishaandika, unaweza kumsimulia baba. Usimtaje fundi yule wala anachofanya, wala kiasi. Siri ya mlipakodi ni siri hata kwa mzazi. Mwambie tu kwamba ulitakiwa kuongeza namba, ukauliza itoke wapi.

Shangazi